Gunda Lililoita Kijiji Kizima

Mwalimu Sesilia, kocha wa timu ya Mgwashi, alipata habari asubuhi ya siku yenyewe ya mechi. Ligi ya wilaya ilikuwa imesimama tangu vurugu za uchaguzi: mtandao umezimwa, magari hayatembei, mikusanyiko marufuku. Sasa imefunguliwa ghafla. Leo saa kumi, Lushoto mjini, mechi ya mwisho. Mgwashi wakishinda, ubingwa wao, na wanakwenda mkoani kwa mara ya kwanza. Wasipofika, wenyeji wanapewa ushindi wa mezani.

"Mezani? Thubutu!" Sesilia alifoka.

Wachezaji wametawanyika mashambani, simu hazipatikani. Sesilia akalichukua gunda la kijiji, lile pembe la kuitia watu kwenye msaragambo, kazi ya pamoja ya kijiji, akalipuliza mpaka mashavu yakamuuma.

Mbiu ya mgambo ikilia kuna jambo. Kijiji kizima kilifika mbio, kila mtu na jembe lake begani!

"Shikamoo, baba," alimwamkia mzee Kristian, mwenyekiti wa kijiji, huku akitamani ardhi immeze.

"Marahaba. Tunachimba wapi, Mwalimu?"

"Hatuchimbi, baba. Nilikuwa naita wachezaji."

"Ati nini? Nimeacha viazi vyangu kwa ajili ya mpira?"

Kabla hajajitetea, Abubakari, dereva wa Fuso la kabichi waliyemtegemea awapeleke, alitokea kwa miguu, matope mpaka magotini. Mvua ya usiku ilikuwa imeporomosha udongo barabarani. Gari halipiti.

Watu wakatazamana. Mzee Kristian akacheka mwenyewe.

"Haya, kumbe kazi ipo. Twendeni!"

Wakachimba, wachezaji nao humo humo, akina mama wakipanga mawe. Mchana Fuso likapita likinguruma. Watu kadhaa wakaparamia nyuma na majembe yao.

"Shukeni, jamani!" Sesilia alipiga kelele. "Siku hizi vijana na majembe ndani ya lori si mashabiki, ni kesi!"

Wakashuka wakicheka, timu ikaondoka. Kwenye kizuizi askari aliwakagua, akaona mpira na jezi tu, akawaruhusu.

Mwamuzi alikuwa anatazama saa yake walipoingia uwanjani. Wenyeji waliwacheka kwa yale matope.

"Msipashe misuli," Sesilia aliwaambia vijana wake. "Mmeipasha tangu asubuhi. Chezeni!"

Wakacheza, jamani, wakacheza! Kipindi cha pili Rama alipiga kona, Heri akaruka juu ya mabeki wawili, kichwa, wavu ukatikisika. Wenyeji wakashambulia kama nyuki, lakini Mgwashi hawakufungika mpaka filimbi ya mwisho.

Nahodha alikataa kupokea kombe. "Lichukue wewe, Mwalimu." Sesilia akaliinua juu, analia, anacheka, hajali nani anamwona. Uwanja mzima ulilipuka kwa vifijo, hata wenyeji. Tangu vurugu zianze, watu wengi namna hiyo hawakuwa wamekusanyika mahali pamoja bila hofu, na hakuna aliyetaka kuondoka.