Bendera Uani kwa Bibi Okbun

Bwana Ban, ofisa wa mfalme, alifika kumwambia Bibi Okbun ahame, kwa kuwa ukuta wa mji mpya ungepita uani kwake. Kabla hajasema neno, akaona kitu. Ile bendera nyekundu aliyoichomeka yeye mwenyewe jana kuonyesha njia ya ukuta ilikuwa imezungushiwa kamba ya mabua ya mpunga, kama wanavyofunga mitungi mipya ya mchuzi wa soya kufukuza mikosi.

"Nimeitunza, bwana mkubwa," alisema bibi, akimmenyea kiazi kitamu. "Mfalme kunikumbuka mimi mjane, akaniletea bendera ya kunilinda! Jirani yangu kanuna kwa wivu, hata salamu haitikii."

Ban alikula bila kujua anakula nini. Njia ya ukuta ilikwisha kuidhinishwa na mfalme. Sasa aanzie wapi? Akainuka, akaing'oa bendera na kamba yake, akaenda kuichomeka nyuma ya nyumba, upande wa shambani.

"Na huko itanilinda?"

"Huko ndiko hasa, bibi. Wewe utakuwa ndani ya mji."

Fundi mkuu wa ukuta akaja mbio. "Mheshimiwa, mbona ukuta unapinda hapa?"

Ban akautazama mstari wa bendera, akajikuna kichwa.

"Sijui," alisema. "Nyinyi jengeni. Kwa mfalme nitakwenda mimi."