Kabati la Vioo

"Nyoosha mikono, fundi," muuguzi alisema. "Viganja juu, kama unamsimamisha dereva."

Mgonjwa wa kitanda cha sita akanyoosha. Viganja vilitulia kidogo, kisha vikaanza kudondoka na kuinuka, kudondoka na kuinuka, bila kumsikiliza mwenyewe. Mkewe alikuwa akikunja blanketi. Akaacha kukunja.

"Haya, sasa andika."

Akampa daftari na kalamu. Kila asubuhi kabla ya chai alimwandikisha maneno mawili yale yale, aliyoyachagua mgonjwa mwenyewe: MGONJWA KWANZA. Ndiyo aliyoyachora miaka kumi iliyopita kwenye bango la lango la hospitali hii hii, maana kuchora mabango ndiyo kazi iliyomlisha. Jumatatu aliyaandika yakakaa sawa kama yamepimwa kwa rula, akajisifu mpaka kitanda cha tano wakacheka. "Tazama mkia wa hiyo G, Sista. Mkia huo ndio unaomtenga fundi na mchafua kuta." Jumanne mstari uliinama. Leo, Jumatano, herufi zilipandana, moja ikatoka nje ya karatasi ikaishia kwenye shuka, naye akaitazama kazi yake akatabasamu.

"Umeuona mkia?"

"Nimeuona," muuguzi akasema. Hakukuwa na mkia. Hofu ilimshika hata akasahau kumrudishia mke wa fundi kalamu aliyoiazima.

Ini la fundi lilikuwa limeharibiwa na virusi. Watu walishamhukumu kuwa ni pombe, mtu ambaye hajaonja hata tone, lakini midomo ya watu nani aifunge? Ini likishindwa kusafisha damu, sumu hupanda kichwani. Mtu husahau, mikono humkataa, mwandiko huvurugika, hulala mchana, hupotea, na mwisho hazinduki. Dawa yake wala si ya ajabu. Ni ya maji, tamu, ya kumwendesha choo mara mbili tatu kwa siku ili sumu itoke nayo. Fundi hakuwa amekwenda choo tangu Jumatatu. Muuguzi alimpitishia maji kwa nyuma mara mbili, yakatoa kidogo tu, basi. Daktari alipita Jumanne, akaandika "endelea na dawa", akaendelea na safari yake.

Na dawa ilikuwepo! Hilo ndilo lililomtia muuguzi wazimu. Chupa kumi na mbili, safu mbili, lebo zote zimetazama mbele, ndani ya kabati la vioo hatua ishirini kutoka kitanda cha sita. Ufunguo wa kufuli alikuwa nao metroni, ambaye wauguzi walimwita Mama Funguo, ila si mbele yake.

Alimkuta ofisini akitandika kitambaa kipya mezani.

"Shikamoo, metroni."

"Marahaba. Kama ni habari ya kabati, rudi ulikotoka."

"Kitanda cha sita anapotea. Chupa moja tu."

"Moja! Leo yeye moja, kesho kitanda cha tisa naye moja. Wakaguzi wanafika kesho saa nne, na wanahesabu. Mwaka jana wadi ya pili walikuta rafu tupu, wakaandika kwamba hatujui kutunza dawa, mgao ukakatwa nusu. Nusu, mwanangu! Metroni mwenzangu wa wadi ile leo yuko wapi?"

"Zimetoka stoo Jumatatu kwa ajili ya wagonjwa."

"Na watazipata, wageni wakishaondoka. Siku moja haijamuua mtu."

"Hii ni siku ya tatu."

Metroni akavuta jalada la kitanda cha sita, akafungua karatasi ya dawa, akaigeuzia upande wa muuguzi. "Ya tatu? Mbona hapa amepewa? Jumatatu mara tatu, Jumanne mara tatu. Sahihi ya nani hii?"

Ilikuwa yake. Vitanda arobaini, wauguzi wawili: mazoea ya pale yalikuwa kutia sahihi zote asubuhi, ndipo ugawe, la sivyo hufiki kitanda cha mwisho. Jumatatu metroni alimwambia, "Tia tu, kabati linafunguliwa mchana." Jumanne akamwambia vile vile. Naye akaamini, mjinga mkubwa.

"Wewe ndiye uliyeniambia..."

"Nani alikushika mkono? Mkataba wako wa miezi mitatu unaisha lini vile? Nenda kazini."

Aliporudi wadini, mke wa fundi alikuwa amesimama mbele ya kabati.

"Sista, hizi si ndizo zile zile? Lebo ya kijani? Mwezi uliopita nilinunua moja, nikauza ngazi yake ya kazi. Sasa zimebaki brashi, na brashi kuukuu nani anazitaka?"

"Ndizo, dada."

"Basi?"

"Kesho."

"Jana alinijua. Leo ameniita kwa jina la dada yake."

Mchana huo muuguzi alisimama mwenyewe mbele ya vioo, mkononi ana bakuli la chuma. Kioo kilikuwa chembamba, pigo moja lingetosha. Akafikiria mkataba. Akafikiria mama yake mzazi, ambaye kula yake ilitegemea mshahara huo. Akaliweka bakuli chini, akajichukia, akaenda kubadilisha shuka za kitanda cha tisa.

Alhamisi fundi hakuamka. Muuguzi alimfinya, akaguna tu. Alimwita, hakufumbua macho. Daktari hakupatikana, alikuwa langoni na wenzake wakisubiri wageni.

Saa nne wakaingia wakaguzi watatu. Mkubwa wao alikuwa na sauti ya upole. Akasimama kabatini, akahesabu kwa ncha ya kalamu.

"Kumi na mbili. Safi sana, metroni. Wengine wangejifunza hapa."

Muuguzi akasikia sauti yake mwenyewe ikitoka. "Samahani, mkaguzi. Mgonjwa huyu hajapata dawa tangu Jumatatu. Dawa yake ni hiyo uliyoihesabu."

Metroni hakuwa na haraka. Akampa mkaguzi jalada, limekwisha kufunguliwa.

"Sahihi hii ni ya nani?" mkaguzi akauliza.

"Yangu."

"Basi umempa, au umedanganya?"

"Niliambiwa nitie..."

"Dada, nimekuuliza moja kati ya mawili."

Alimtazama fundi, mdomo wazi juu ya mto. "Nilidanganya. Sijampa hata tone."

Mkaguzi akaandika, akisoma kwa sauti: "Muuguzi amekiri kughushi kumbukumbu." Akafunga kalamu. "Suala lako litashughulikiwa. Kabati halina kosa."

Ikabaki fomu ya maoni, mgonjwa mmoja kila wadi. Kwenye orodha yao kilikuwa kitanda cha sita, na orodha haibadilishwi. Metroni akaleta kidau cha wino.

"Anajua kuandika!" mke akapiga kelele. "Jamani, huyu ndiye aliyeandika lango lenu!"

"Tumeliona, mama," mkaguzi akasema. "Zuri sana."

Metroni akashika kidole gumba cha fundi, akakichovya, akakibana kwenye karatasi mpaka kikatoa alama nzuri.

Gari la wakaguzi lilipoondoka, kabati likafunguliwa. Metroni alileta chupa mwenyewe, pamoja na barua ya kumsimamisha muuguzi kazi kuanzia jioni. Muuguzi akaiweka barua mfukoni bila kuisoma. Akapitisha mpira puani mwa fundi, akaanza kusukuma dawa kwa bomba la sindano, polepole. Hakujua kama imewahi au imechelewa.

Upande wa pili wa kitanda mke alikuwa akisugua kidole gumba kwa pamba na maji. Wino ulikuwa umeingia kwenye mistari ya ngozi.

"Mimi sijui kusoma, Sista. Msomaji wa nyumba ni yeye. Akiamka ataniuliza, namjua. Walimtilia dole kwenye maneno gani?"

Muuguzi alikuwa ameyasoma. Yalikuwa sita: Nimepata dawa zote. Nimeridhika na huduma.

"Subiri aamke," akasema, na akavuta dawa nyingine kutoka kwenye chupa.