Tiketi ya Alhamisi

Tangu saa tatu asubuhi Dima alikuwa akigombana na ukurasa mmoja, na ukurasa ulikuwa unashinda. Kazi yenyewe ukiisikia ni rahisi: orodha ya tiketi, yaani matatizo yote ambayo timu inayashughulikia, ionekane ndani ya daftari la timu la mtandaoni, watu wasihangaike kufungua mifumo miwili. Aliiunganisha, ikaunganika. Lakini kila akifungua daftari, mahali pa orodha anakuta mstari mmoja tu: Huna ruhusa ya kuona tiketi hizi.

"Saa nane wateja wa Akaba wako hapa," alisema Mhandisi Ghada, bosi wao, akipita na kikombe chake. "Nisije nikawaonyesha ukuta mtupu, binti yangu."

"Hutawaonyesha, Mhandisi."

Akabadilisha neno la siri. Wapi! Akaitia kwenye kikundi cha timu ile akaunti ya kiungo, inayobeba habari kutoka mfumo huu kwenda ule. Wapi! Mwishowe hasira zikampanda, akafanya jambo ambalo kila fundi hukatazwa na kila fundi hulifanya: akaipa akaunti ile ruhusa zote za msimamizi mkuu, kwa dakika mbili tu, aone inakwama wapi.

Orodha ikamwagika. Dima akapiga meza kwa furaha, akaanza kusoma. Ramani haifunguki kwenye simu. Herufi za Kiarabu zimegeuka. Halafu mstari wa tatu: Jaha kwa Abu Nidal, Jabal al-Hussein, Alhamisi saa kumi na moja jioni.

Akausoma tena. Abu Nidal wa mtaa wa Jabal al-Hussein alikuwa baba yake mzazi. Na jaha haiendi nyumba ya mtu kupiga soga: ni wazee thelathini waliovaa wakapendeza, wanakwenda kuposa, na mkubwa wao huweka kikombe cha kahawa chini, hakigusi mpaka apewe ndiyo. Nyumbani kwa Abu Nidal binti ni mmoja tu.

Akaifungua tiketi kwa jina la kiungo. Aliyeiandika: Kusai. Kusai wa meza ya pili! Kusai anayemletea kaaki ya ufuta kila asubuhi, na tuseme ukweli, Dima alikuwa akiisubiri kaaki hiyo kuliko alivyotaka watu wajue. Chini yake hatua zilikuwa zimepangwa. Kuzungumza na Abu Nidal: tayari. Mama yake Dima: tayari. Ami wa Karak: tayari. Sinia tatu za tamutamu ya knafeh: tayari. Dima: asijue mpaka siku yenyewe.

Waliopewa ruhusa ya kuiona walikuwa wawili. Kusai, na akaunti ya mgeni ambayo Dima mwenyewe aliifungua juma lililopita, Kusai alipomwambia ni ya mtu wa usafirishaji. Mgeni huyo alikuwa ameandika: "Mzee ameshakubali. Dada yangu hana neno, mwachieni mzee."

Nidal! Kaka yake wa tumbo moja! Na lile gauni la kijani alilonunuliwa na mama Jumamosi, akiambiwa, "Alhamisi usichelewe, baba yako ana wageni." Mama alimtazama usoni, mkavu kabisa, akasema wageni!

"Kusai. Njoo hapa."

Alikuja akitabasamu, mfuko wa kaaki mkononi. Akaona kioo cha kompyuta. Tabasamu likamfia mdomoni.

"Umeionaje? Mbona niliifunga!"

"Hilo ndilo swali lako la kwanza?"

"Dima, wallahi nilitaka iwe ghafla, ufurahi. Mzee akaniambia niache, atazungumza nawe mwenyewe, kisha akasema hakuna haja..."

"Ghafla! Hata ajali huja ghafla." Akanyoosha kidole kwenye kioo. "Knafeh mmeiulizia mpaka ukubwa wa sinia. Mimi nimeulizwa nini?"

Kusai akauweka mfuko mezani. Akauliza kwa sauti ya chini, "Ungekataa?"

Hapo ndipo palipomchoma hasa, kwa sababu juzi asingekataa. "Ungeniuliza juzi, ungejua."

Akageukia kazi yake. Juu kabisa ya hatua akaongeza moja, Dima aulizwe, akazifanya nyingine zote ziingoje hiyo. Kisha akaivua akaunti ya kiungo ruhusa zote, akaiachia tiketi za timu peke yake. Kumbe iliyokuwa ikimsumbua tangu asubuhi ni alama moja tu ya kuruhusu mradi wa timu, ambayo haikuwekwa. Orodha ikabaki safi. Mstari wa tatu ulikuwa umetoweka, na alipojaribu kuifungua tiketi kwa jina lake mwenyewe akajibiwa: Huna ruhusa.

"Imekubali?" aliuliza Mhandisi Ghada mlangoni.

"Imekubali."

Akatoka kwenye ngazi, akampigia baba yake.

"Baba, Alhamisi jaha inakuja kwetu?"

Alisikia redio ya dukani kwa mzee, na mtu akiulizia misumari.

"Nani kakuambia?" akauliza mzee.

"Si wewe, Baba," alisema Dima. "Na kikombe kikiwekwa chini, nitaingia sebuleni nijibu mwenyewe."