Sanduku la Shimo la Sita

Pale ofisini walimwita Bi Udongo, na jina halikuwa la kumsingizia. Kila alipoletewa udongo wa shimo jipya, alichukua kiduchu akautia kinywani na kuusaga kwa meno ya mbele. Ukikwaruza ni mchanga, ukiteleza ni mfinyanzi. Wenzake wa maabara walimcheka hadi machozi, lakini vipimo vyao havikuwahi kumpinga. Ufundi huo aliurithi kwa baba yake, mchimba visima mstaafu, aliyependa kusema kwamba mtu hudanganya, udongo haudanganyi.

Sasa alikuwa akimalizia ramani ya maji ya chini ya ardhi. Penye mchanga mtupu, uchafu hushuka upesi hadi kwenye maji, hapo alipaka nyekundu. Penye tabaka nene la mfinyanzi maji yamefunikwa vizuri, akapaka kijani. Wakubwa walikuwa wakiitafuta kijani kwa udi na uvumba ili wachimbe bwawa la majitaka, na walishaipenda ile ya shimo la sita. Mteremkoni, chini kidogo ya hapo, kulikuwa na kisima cha dada yake. Nyumba nzima ilikunywa humo, watoto wanne pamoja na baba, ambaye alikuwa akiishi kwao.

Mashimo yote arobaini ya ramani hiyo aliyachimba baba, aliyeitwa tena kazini kwa ajili hiyo. Kila mita moja alitoa konzi ya udongo na kuipanga katika sanduku lenye vyumba vidogo. Bi Udongo mwenyewe ndiye aliyeomba jina la mzee liandikwe pembeni mwa ramani, na mzee alipoambiwa alitembea wiki nzima kifua mbele.

Masanduku ya baba tu ndiyo hakuwahi kuyaonja. Nani angemwonja baba yake? Siku hiyo, ramani ikiwa inangoja sahihi tu, alifungua la sita na, kwa mazoea, akatia kiduchu kinywani. Udongo uliteleza vizuri, kisha jino likagonga kitu kigumu. Akakitemea kiganjani: kipande cha tofali jekundu. Vipande kama hivyo vilikuwa katika sanduku la tano, kwa sababu shimo la tano lilichimbwa kwenye tanuri la zamani la matofali. Kutoka hapo hadi la sita ni mwendo wa nusu saa kwa miguu, na huko hakuna aliyewahi kuchoma tofali.

Alimkuta baba uani kwa dada, kikombe cha maji mkononi. Hakuzunguka mbuyu, alimwekea kile kipande juu ya goti. Mzee akakasirika kwanza, akauliza tangu lini mtoto anampima mzazi. Kisha hasira ikamtoka. Akaeleza kwamba siku ile shimo liliporomoka mara tatu, mvua ikausomba udongo wa sandukuni, na gari lilikuwa likimsubiri. Akajaza kwa udongo wa shimo la tano uliobaki garini, akijiambia ardhi ni moja.

"Lilikuwa linaporomoka kwa nini, baba?"

"Mchanga," akasema. "Mchanga mtupu, mpaka kwenye maji."

Bi Udongo alitaka kumfokea, akashindwa. Alimwonea huruma na kumkasirikia kwa pamoja, na hakujua lipi lianze. Akatoa ramani mkobani, akaikunjua juu ya mkeka, na pale kwenye shimo la sita akapaka nyekundu. Akasema jina la mzee anaweza kulifuta kabla ya asubuhi, hakuna atakayeuliza.

"Liache," mzee akasema. "Wajue ni mkono wa nani."

Ilikuwa kauli ya kiungwana, na ingemtosha binti yeyote. Lakini yeye alikuwa ameinama juu ya kijani nyingine, madoa kumi na saba, kila moja na visima vya watu chini yake.

"Na masanduku mengine, baba?"

Mzee akakiweka kikombe chini bila kunywa, akavuta ramani karibu.

"Lete hiyo kalamu nyekundu, mama," akasema. "Tuanzie la tisa."