Chokaa Ndani ya Birika

Ami Shehe, msimamizi wa mirathi, alinipa msimu mmoja tu. "Nasra, pamba ikifunga vitumba, shamba la marehemu baba yako ni lako. Isipofunga, nampa mnunuzi." Nikasema sawa, na moyoni nikamwambia utaona.

Pamba yangu hapa Tongoni ikadumaa, mashina yakaingia zambarau. Tadeo, bwana shamba, akasema ni njaa ya fosforasi: niyeyushe mbolea kwenye birika langu jipya la kumwagilia, ipite na maji kwenye mipira ya matone mpaka mizizini. Nikafanya hivyo asubuhi tatu mfululizo.

Siku ya tano nikakuta majani yamelegea shamba zima. Birika limejaa, koki iko wazi, na chini ya mipira udongo mkavu kama unga. Nikakata mpira kwa kisu. Umezibwa na kitu cheupe, kigumu! Nikakata wa pili, wa kumi, yote vilevile.

Ami alikuwa ndiyo kwanza anafika, na majirani watatu nyuma yake. Hata shikamoo sikumpa.

"Ni wewe!" nikapiga kelele. "Umenimiminia saruji ili ulile shamba la yatima! Mwizi wa mirathi!"

Majirani wakashika midomo.

Tadeo, niliyekuwa nimempigia simu, akafika na pikipiki. Akapanda birikani, akakwaruza ukuta kwa ukucha. "Nani kapaka chokaa humu ndani?"

"Mimi," nikasema. "Mikono mitatu, tabaka juu ya tabaka." Kwetu birika jipya halitiwi maji bila chokaa ya matumbawe, liwe la msikitini au la nyumbani. Ningejuaje?

"Chokaa na fosforasi vikikutana huganda, dada. Mbolea yako imegeuka jiwe ndani ya mipira."

Mkono uliopaka ni wangu, na mdomo uliotukana ni wangu. Nikapiga magoti pale pale mbele ya ami.

"Nisamehe, ami. Shetani kanipitia."

Akaniangalia, macho yamemlowa. "Chokaa si kitu, Nasra. Hata mimi ningeipaka. Leo nilikuja kukukabidhi shamba, pamba iwepo isiwepo. Hawa nimewaleta wawe mashahidi."

Akawatazama majirani, nao wakainamisha vichwa.

"Basi wameshuhudia matusi," akasema. Akatoa simu, akampigia mnunuzi mbele yangu. "Njoo, shamba ni lako."