Bastola ya Mwimbaji Mzingani

Ngumbao hakuwa na ng'ombe, ingawa majirani zake Waorma walipima utajiri kwa mikia. Hakuwa na mtumbwi. Akitaka kuvuka Mto Tana alikuwa mtu wa kuomba. Hakuwa na meno ya mbele, hakuwa na mtoto wa kiume wa kumshikia jembe, na tangu rafiki yake Jotham afe hakuwa na mwenzake wa kusikiliza naye redio siku ya Jumamosi. Kubwa kuliko yote, hakuwa na kibali cha kumiliki silaha. Na bastola alikuwa nayo.

Wala haikuwa bastola ya majangili. Mpini wake ulikuwa mweupe, ubavuni ilipigwa nakshi za rangi ya dhahabu, na katikati ya nakshi hizo ilichorwa sura ya mwimbaji wa kantri wa Amerika, kofia pana kichwani, gitaa kifuani. Iliundwa kwa heshima yake, zikatolewa chache tu, wampendao wazinunue wakaziweke kabatini. Jotham, mtu wa kijiji cha Hewani aliyeendesha malori huko Amerika mpaka akaota mvi, alirudi nayo katika sanduku la mbao lenye kitambaa chekundu. Maradhi yalipomlemea alimwita Ngumbao.

"Hii ni ya binti yangu Elsie," alisema. "Yeye yuko huko huko. Mtunzie mpaka aje. Usimpe mtu mwingine."

Ngumbao aliitikia. Kabla hajauliza la pili, kikohozi kilimshika Jotham, na haikupita wiki wakamzika.

Basi amana ya marehemu ikamkaa shingoni. Ndani ya nyumba hakuthubutu kuiweka. Aliivingirisha kwa karatasi ya plastiki, akaisukuma ndani ya mzinga mtupu uliotundikwa juu ya mkwaju, pembeni mwa shamba lake nje ya Garsen. Mzinga wa mtu haufunguliwi na mwingine. Hata mwizi wa kuku anauheshimu mwiko huo. Ngumbao akapata usingizi.

Ndipo chifu alipoitisha baraza. Serikali inakusanya silaha haramu, alisema. Atakayesalimisha yake kwa hiari kabla Ijumaa haijachwa hataulizwa kitu. Baada ya hapo ni msako, na atakayekutwa na silaha atazeekea jela.

"Umesikia, Baba Dama?" mkewe Kanze alimuuliza wakirudi nyumbani.

"Nimesikia. Lakini nani atafungua mzinga wangu?"

"Askari aliyeletwa kutoka bara anajua nini habari za mwiko wa mzinga? Kwao labda asali huota dukani."

"Na Elsie nitamwambia nini? Kwamba baba yake aliniamini, nami nikaigawa amana yake kama ugoro?"

"Utamwambia ukiwa nje. Kwani wewe wa kuzeeka upya jela? Umeshazeeka hapa bure."

Jumatano ikapita, Alhamisi ikapita. Ijumaa asubuhi Ngumbao alichukua kamba na panga, akaenda kwenye mkwaju.

Alikuwa mrina asali tangu ujana wake, na bado alisahau jambo ambalo kila mrina analijua: mzinga mtupu ukikutwa na msimu wa maua, si wako tena. Mvua zilikuwa zimenyesha, vichaka vyote vimechanua, na kundi zima la nyuki lilikuwa limehamia ndani na kujenga masega juu ya bastola. Asali hurinwa giza likishaingia, kwa moshi na kwa subira. Ngumbao hakuwa na muda wa kungoja giza. Alifukiza makuti mabichi, akamwomba Mungu, akatia mkono.

Alishuka haraka kuliko alivyopanda. Duba, mzee wa Kiorma wa kamati ya amani, alikuwa akipita njiani na mbuzi wake. Alisimama akamtazama mwenzake akijigaragaza kwenye majani, kitu kinachochuruzika asali mkononi.

"Ngumbao! Ninyi wakulima mmemaliza kugombana na sisi wafugaji, sasa mmeanza na wadudu?"

"Cheka, Duba. Ukimaliza, nisindikize kituoni."

Duba alipoona kilichokuwa mkononi, kicheko kilikatika. Aliwaacha mbuzi kwa jirani, akamsindikiza.

Katika kituo cha polisi, Inspekta Bishara aliuona uso wa Ngumbao kabla ya kuiona bastola. Jicho moja lilikuwa limefumba kabisa.

"Nani amekupiga, mzee?"

"Nyuki, afande. Nimekuja kusalimisha hii. Si yangu, ni amana ya maiti, lakini sitaki msako unikute nayo." Akaiweka mezani.

Bishara aliiosha bastola kwa maji ya moto. Nta ilipotoka, mwimbaji akajitokeza na kofia yake. Inspekta aliigeuza, akajaribu kuingiza risasi mahali pake, haikuingia. Akachukua penseli, akaisukuma kwenye mdomo wa mtutu. Penseli iligota pale pale. Ndani mlikuwa na chuma kitupu.

"Mzee, hii haijawahi kuwa bunduki. Imeundwa bila tundu. Ni pambo."

"Haipigi?"

"Hata ukiiomba."

Duba alianza upya kucheka, safari hii akishika ukuta. Ngumbao alikaa kwenye benchi kama mtu aliyetuliwa gunia la mahindi. Jicho lililobaki wazi likamwaga machozi bila kuomba ruhusa.

"Chukua amana yako," Bishara alisema. "Nitakuandikia cheti, asije askari mwingine akakusumbua. Ila usiitembeze sokoni. Na asali, wallahi, leo nimeletewa kwa mtutu!" Alikuwa ameshalamba kidole.

Jioni ile bastola ikiwa imelala katika kitambaa chake chekundu, Ngumbao aliketi mlangoni akamwandikia Elsie. Alimweleza kwamba kitu cha baba yake kipo salama, kwamba serikali inakijua, na kwamba aje akichukue wakati wowote. Kanze aliinama begani mwake.

"Umemwambia habari za nyuki?"

"Nimemwambia."

"Na kwamba ulilia mbele ya polisi?"

"Hilo la nyumbani, Mama Dama."

Alikunja karatasi, akailamba bahasha, akaibana kwa kiganja mpaka ikashika. Jumatatu posta ilipofungua mlango alikuwa wa kwanza, na hakuondoka mpaka alipomwona karani ameigonga muhuri na kuitupa ndani ya gunia la barua.