Uchovu wa Chuma

"Usiguse hapo," Shufaa alimwambia Pendo, mwanafunzi mwenzake. "Jasho la vidole litaharibu pale palipovunjika."

Pendo akarudisha mkono. Chini ya hadubini kulikuwa na kipande cha shafti, mhimili wa chuma unaozunguka, ya mashine ya kusaga ya baba yake Shufaa, kule Iyunga. Majuma mawili yaliyopita shafti hiyo ilikatika mashine ikizunguka, puli, gurudumu la mkanda, ikachomoka na kutoboa ukuta, hatua moja kutoka kwa mama aliyekuja na ndoo ya mahindi. Siku ileile baba yake, Mzee Muharami, alimfukuza Sosthenes, aliyeiendesha mashine hiyo miaka kumi na minne.

"Umeilisha kupita kiasi," alimwambia mbele ya watu. "Ungeua mtu!"

Sosthenes alivua koti lake lililojaa unga, akalikunja taratibu, akaondoka.

Shufaa aliinama, na maabara yote ikawa kama imezama majini. Mbele ya jicho lake ilitandaa nchi ya rangi ya fedha isiyo na watu. Mistari myembamba ilijipinda mmoja nyuma ya mwingine, kama alama ambazo Ziwa Nyasa huacha mchangani maji yanaporudi nyuma. Kuzidiwa mzigo siku moja hakuachi mistari kama ile. Chuma kilikuwa kimechoka, kidogo kidogo, miezi mingi, na hakuna aliyejua. Aliifuata mistari hadi ilipoanzia: kwenye kovu la kuchomelea.

Jioni alikiweka kipande mezani.

"Baba, hii haikukatika siku moja. Ufa ulianza zamani, ukawa unatembea ndani kwa ndani."

"Nani kakwambia?"

"Nimeuona. Umeanzia hapa."

Mzee Muharami alivaa miwani. Kidole chake kikapita juu ya chuma, kikasimama penye kovu.

"Hapa ndipo nilipomwambia fundi achomelee."

"Ndiyo, Baba."

"Sosthenes alinikataza. Alisema tusubiri shafti mpya." Akavua miwani. "Nami nikamwambia mashine ni yangu."

Chai ikapoa mbele yao.

Asubuhi walipanda mlimani anakoishi Sosthenes. Ukungu ulikuwa bado umelala, na shamba la pareto lilionekana jeupe, halina mwisho. Sosthenes alikuwa katikati, akichuma maua. Aliwaona. Hakuacha kuchuma.

"Nisubiri hapa, mwanangu," Mzee Muharami alisema.

Aliingia shambani, kanzu yake ikilowa umande. Shufaa alimwona akisimama, akisema maneno ambayo hayakumfikia. Sosthenes hakugeuka. Mzee akainama kwenye mstari wa pili, akachuma ua moja, akalitia kwenye kapu la Sosthenes; akachuma jingine.

Sosthenes akalisogeza kapu, kidogo, likawa katikati yao. Ukungu ukashuka tena, na Shufaa akabaki anasikia tu vikonyo vya maua vikikatika.